Sura ya Saba: Simba Aliyetazama Kulia

Profesa aliilaza sarafu juu ya kitambaa, akavua miwani, akajipangusa macho kwa kiganja, kisha akatamka neno ambalo Inspekta alikuwa amelisikia wiki nzima mpaka likamchosha.

"Haijulikani."

"Rudia, Profesa."

"Nimesema haijulikani, binti yangu. Hata ukija tena mwakani, jibu langu ni hilohilo."

Kituoni walimwita Inspekta Rudia, ingawa hakuna aliyethubutu kulitamka jina hilo akiwa karibu. Shahidi akieleza jambo mara moja, kwake ilikuwa kama hajaeleza. Arudie, aanzie katikati, aanzie mwisho, mpaka uongo uchoke wenyewe na kushuka njiani. Kwa mtindo huo alikuwa amewanasa wajanja wengi. Tatizo la safari hii ni kwamba shahidi wake mkuu alikuwa kipande cha fedha chenye ukubwa wa kifungo cha koti, na kipande cha fedha hakirudii kitu.

Upande mmoja wa sarafu alikuwapo simba aliyeketi, mguu mmoja wa mbele ameuinua, uso ameuelekeza kulia. Maandishi yalimzunguka kama uzio. Upande wa pili palikuwa na nyota ndogo na mistari mitatu ya herufi zilezile, zenye vikia na vitone, ambazo hakuna aliyeweza kusoma hata moja.

"Lakini wewe huoni jambo lenyewe," Profesa aliendelea, na sasa sauti yake ilichangamka. Chumba chake kilijaa vitabu mpaka chini ya viti, na Inspekta alikuwa ameketi na kamusi mbili kwenye mapaja kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuziweka. "Herufi hizi hazimo katika maandishi yoyote ninayoyafahamu. Yoyote! Maana yake kulikuwa na dola nzima ambayo hakuna aliyewahi kuisikia. Nimekwisha kuanza kuandika makala."

"Maana yake kesho naenda mahakamani mikono mitupu."

"Hayo ni yako. Mimi nasema habari ya historia."

"Haiwezi kuwa ya bandia?"

Profesa alimtazama kwa huruma, kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali la mwaka jana. "Anayeghushi hughushi kitu kinachojulikana, ili apate wa kumdanganya. Nani aghushi kisichojulikana? Tena hii hapa picha."

Akamsogezea picha. Ilikuwa nyeusi na nyeupe, imeanza kugeuka rangi ya chai pembeni, nayo ilitoka kwenye kabati la makumbusho. Ilionyesha pande zote mbili za sarafu, ukingo wake ukionekana mnene kana kwamba kamera ilikuwa mbovu, na juu yake rula ya kupimia.

"Simba ni yuleyule, mguu ni uleule, herufi ni zilezile. Na picha hii ina umri mkubwa kuliko ndoa yako."

"Sijaolewa."

"Basi ina umri mkubwa kuliko subira ya wazazi wako," alisema Profesa, akacheka peke yake.

Inspekta hakucheka. Aliirudisha sarafu kwenye mfuko wake, akaiweka picha katikati ya jalada, akaaga. Ngazini alisimama kidogo akashika ukuta. Alikuwa amekasirika, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakujua amkasirikie nani.

Sarafu hiyo ilikuwa ya makumbusho ya mji. Kwa muda mrefu ilikaa ndani ya kisanduku chake kwenye droo, bila mtu kuiuliza habari. Kisha mkurugenzi wa makumbusho akaja kituoni kuripoti kwamba imeibwa. Funguo za chumba kile walikuwa nazo watu wawili tu: yeye mwenyewe, na mama mmoja wa makamo aliyefungua na kufunga milango ya jengo lile tangu ujana wake, ambaye watu wote walimwita Bibi Funguo. Polisi wakapekua nyumba zote mbili. Kwa mkurugenzi hawakuambulia kitu. Kwa Bibi Funguo waliikuta ndani ya kopo la sindano na nyuzi, chini kabisa. Mkurugenzi aliitazama palepale sebuleni, akasema, "Ndiyo yenyewe," akageuza uso asimwone yule mama akifungwa pingu.

Kesi ilionekana imekwisha kabla haijaanza. Ila mwendesha mashtaka alikuwa mtu wa taratibu. "Kitabu cha makumbusho kimeandika 'sarafu ya kale, ya fedha' basi," alimwambia Inspekta. "Ya wapi? Ya nani? Siwezi kusimama mbele ya hakimu nikasema mama huyu ameiba kitu fulani cha mviringo." Kwa hiyo Inspekta akatumwa kuitambua sarafu. Isipotambuliwa, Bibi Funguo angepelekwa rumande wakati upelelezi unaendelea, na kila mtu alijua upelelezi ukisemwa unaendelea maana yake nini. Ikitambuliwa kuwa ndiyo ya makumbusho, angefungwa. Mama mwenyewe alikuwa na presha, na siku mbili hizi mkono wake wa kushoto ulikuwa umeanza kufa ganzi.

Inspekta hakuamini kwamba mama yule aliiba. Lakini kutokuamini si ushahidi, na hilo lilimkera kuliko yote.

Kutoka kwa Profesa alipitia kwa sonara, ambaye duka lake lilikuwa dogo kiasi kwamba mteja wa pili ilibidi asubiri barabarani. Sonara aliipima, akaikwaruza ukingoni kidogo, akaitazama kwa kioo chake cha jicho moja.

"Ni fedha, lakini si safi. Imechanganywa."

"Ni ya zamani?"

"Imechakaa, hilo naona. Ila imechakaa vibaya."

"Vibaya vipi? Rudia."

"Pesa ikipita mikononi mwa watu, huisha pale palipoinuka. Pua ya huyu simba ndiyo ingeanza kuisha. Hii imeisha kote sawasawa, mpaka mabondeni, mahali ambapo kidole hakifiki. Kama imetiwa dawa."

Moyo wa Inspekta uliruka. Akampigia simu mwendesha mashtaka akiwa bado mlangoni.

"Sonara si mtaalamu wa mambo ya kale," sauti ya upande wa pili ilijibu. "Na yeyote atakutolea ile picha. Unayo sarafu inayofanana na picha ya zamani kila mstari. Mimi nikiwa hakimu nitaamini picha."

Hata yeye, kama angekuwa hakimu, angeamini picha. Alikata simu akiwa amevunjika moyo.

Kituoni, mume wa Bibi Funguo alikuwa kwenye benchi lilelile la kila siku, na mfuko wa dawa umelala mapajani. Alikuwa mzee mwembamba, mpole mno, na upole wake ulimfanya Inspekta atamani angepiga kelele kama wengine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ile ya asubuhi amemeza?"

"Amemeza. Nilisimama hapo mwenyewe."

"Na ya jioni umpe baada ya kula. Akinywa na tumbo tupu humzungusha kichwa." Hakuuliza habari ya kesi. Wiki nzima hakuuliza.

Bibi Funguo aliletwa chumba cha mahojiano, akaketi taratibu, akapanga mikono mezani. Alikuwa mama mnene wa macho makali, na mahabusu ilikuwa haijayapunguza.

"Tuanze tena, mama. Uliiona lini sarafu hii kwa mara ya kwanza?"

"Siku mliyoitoa kwenye kopo langu. Mwanangu, ulimi umeniota sugu. Mimi nafungua milango. Droo hainihusu, na kilichomo ndani ya droo hakinihusu."

"Nani aliingia nyumbani kwako mwezi ule ilipopotea?"

"Nani haingii? Nyumba ni yangu lakini sebule ni ya watu. Majirani. Wifi zangu, wengine hata hodi hawajui. Nilipougua presha, hata bosi alikuja kunijulia hali, akaleta matunda."

"Mkurugenzi?"

"Huyohuyo. Kijana mwenye adabu. Kifungo cha shati lake kilikuwa kinaning'inia, cha hapa mkononi, nikamwambia vua nikushonee, utakwendaje ofisini kama mtu asiye na mama? Uzi mweupe ulikuwa umekwisha, nikatia wa bluu. Tulicheka sana."

"Na wale wifi?"

"Ah, wale! Mmoja ana duka la vyuma chakavu, mwingine ana mdomo."

Hilo la vyuma chakavu ndilo alilokuwa amelikimbilia juzi, na lilimla siku nzima. Mtu anayenunua vyuma chakavu huletewa vitu vya kila namna, na Inspekta alifika dukani kwa wifi huyo akiwa na askari wawili na matumaini makubwa. Ikaonekana kwamba mwezi ule wote wifi alikuwa hospitali ya mkoa mwingine akimuuguza binti yake aliyejifungua mapacha, na wodi nzima ilikuwa tayari kuja kutoa ushahidi, mapacha wakiwamo. Inspekta alirudi na kilo moja ya misumari aliyouziwa kwa sababu ya kuona haya kutoka mikono mitupu.

"Mwanangu," Bibi Funguo alisema akiinuka, "kesho hakimu ananiachia?"

Inspekta alitafuta jibu la uongo lenye heshima, asilipate. "Sijui, mama."

Mama yule alitikisa kichwa taratibu. Alipotoka alijishika ukutani.

Simu ya mkuu wa kituo ikalia papo hapo. "Funga kielelezo, tia lakiri, kiende mahakamani asubuhi. Imetosha. Andika 'sarafu ya kale ya asili isiyojulikana'."

"Mkuu, nipe—"

"Imetosha, Inspekta."

Aliitupa kalamu ikagonga ukuta. Kisha akaiokota, maana ilikuwa moja tu.

Chumba cha vielelezo kilikuwa mwisho wa ukumbi, na bwana wake alikuwa Koplo, mtu mzima aliyependa ndevu zake kuliko cheo chake. Dirisha lilikuwa moja, upande wa kushoto wa meza, na jua la mchana lilikuwa linaingia kwa kulala. Koplo alikuwa amekwisha kuandaa bahasha nene na uzi. Aliwasha mshumaa, akaishika lakiri nyekundu juu ya moto, ikaanza kudondoka kwenye fundo la uzi.

"Subiri, sarafu bado haijaingia," Inspekta alisema.

"Hii ni bahasha ya bangi ya jana, Afande. Yako inafuata. Hebu nigongee muhuri, mkono wangu umejaa."

Aliuchukua muhuri wa shaba, akaukandamiza kwenye lakiri, akauinua. Jina la kituo likatokea vizuri. Kwa kukosa la kufanya aliugeuza muhuri wenyewe akautazama. Alikuwa ameutumia kwa miaka na hakuwahi kuutazama usoni. Herufi zake zilikaa kinyume, vikia vimeelekea upande usio wake, na kwa nukta moja alishindwa kulisoma jina la kituo alichokifanyia kazi.

Maneno ya Profesa yakamrudia: hazimo katika maandishi yoyote ninayoyafahamu.

"Koplo, lete kile kioo chako."

"Kioo gani, Afande?"

"Kile unachochania ndevu ukidhani hatukuoni."

Koplo alikitoa kwenye droo bila kubisha. Inspekta aliisimamisha sarafu mbele ya kioo. Ndani ya kioo simba alitazama kushoto, na herufi zilijipanga kwa mwelekeo mwingine kabisa. Hakuweza kuzisoma, hakuwa na elimu hiyo, lakini alijua amepata kitu.

Kisha akaikumbuka picha, na furaha yote ikamshuka. Aliitoa kwenye jalada. Kwenye picha pia simba alitazama kulia. Sarafu ikiwa kinyume, na picha ya zamani nayo ni kinyume.

"Labda fundi wa picha aliisafisha kwa kuigeuza," alisema Koplo, ambaye alikuwa amesahau mshumaa. "Zamani ilikuwa inatokea sana. Harusi ya kaka yangu, bwana harusi anashika kisu kwa mkono wa kushoto."

"Tazama rula."

Namba za rula zilisomeka sawasawa, moja, mbili, tatu. Kama picha ingegeuzwa, na namba zingegeuka. Inspekta aliisogeza picha dirishani akainama juu yake mpaka pua ikakaribia kuigusa. Mara nyingi alikuwa amemtazama simba. Rula hakuwahi kuipa hata dakika moja. Kivuli chake kilidondokea upande wa kulia: mwanga ulitoka kushoto, kama wa dirisha hili. Akamtazama simba. Kivuli cha mgongo wake kilikuwa kushoto. Na kivuli cha ule mguu, na cha kila herufi, vyote vilikuwa kushoto.

"Koplo, vitu viwili vikiwa juu ya meza moja na taa moja, vivuli vitaelekea pande mbili?"

"Haiwezekani."

"Haiwezekani kama vyote vimeinuka. Na kimoja kikiwa shimo?"

Koplo alikuna ndevu. Inspekta alimnyang'anya lakiri, akadondoshea tone kubwa kwenye karatasi, akalivuta koti la sare lililoning'inia mlangoni, akakikandamiza kifungo chake cha shaba kwenye lakiri ile. Kilipotoka kiliacha nembo ya jeshi imezama, imekaa kinyume, na pembeni lakiri ilikuwa imejisukuma juu kwa ukingo mnene usio sawa. Akaweka rula juu yake, akapiga picha kwa simu, akaondoa rangi ikawa nyeusi na nyeupe. Akamwonyesha Koplo.

"Umepiga picha kifungo," alisema Koplo.

"Rudia."

"Kifungo, Afande. Si hiki kimetokeza?"

"Nimepiga picha shimo." Akamsogezea simu karibu zaidi. "Macho yanajidanganya, yanaliona limetokeza. Na hata ule ukingo mnene wa kwenye picha ya makumbusho tulisema ni kamera mbovu. Ni lakiri iliyosukumwa. Aliyekuwa akiitunza sarafu zamani hakumpa mpiga picha sarafu. Aliikandamiza kwenye lakiri, akampelekea lakiri."

"Sasa?"

"Sasa sarafu ya kweli simba wake anatazama kushoto. Hii yetu imefanana na picha kila mstari, na ndiyo sababu haiwezi kuwa yenyewe."

Profesa aliletewa kioo cha Koplo mlangoni kwake. Alikishika, akaisogeza sarafu. Kisha akaanza kusoma kwa sauti bila kusitasita, kama mtu anayesoma jina la duka.

"Mfalme mwadilifu, mlinzi wa bandari... mwana wa... Aa!" Alikirudisha kioo kwa hasira. "Hii imejaa vitabuni. Hata wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaijua. Binti yangu, umeniulia dola nzima."

"Pole, Profesa."

"Nilikuwa nimekwisha kuipa jina!"

Mkurugenzi alifika kituoni jioni, jua likiwa halijazama, shati jeupe limenyooka, kalamu mbili mfukoni. Aliambiwa anaitwa kutambua kielelezo rasmi kabla hakijafungwa. Inspekta alimkaribisha kiti, akaiweka sarafu kati yao, akafungua jalada.

"Ni taratibu tu. Unaitambua?"

"Ndiyo yenyewe."

"Unaitambuaje?"

"Inspekta, mimi ndiye mwenye dhamana nayo. Tangu nilipokabidhiwa ofisi, kila mwezi naitoa, naifuta kwa kitambaa laini, nairudisha."

"Kwa mikono yako?"

"Kwa mikono yangu."

"Samahani, rudia. Naandika polepole."

Alirudia. Inspekta akamwomba aeleze alama, akaeleza: simba ameketi, mguu mmoja juu, uso kulia. Akaombwa arudie kuhusu uso. Kulia. Akaulizwa kama kuna siku yoyote aliyoiona tofauti, labda mwanga, labda miwani. Akatabasamu kwa uvumilivu na kusema mtu hawezi kusahau kitu anachokishika kila mwezi. Akatia saini. Alipounyoosha mkono kutia saini, mkono wa shati ukapanda, na Inspekta akakiona kifungo. Kilikuwa cheupe, kimeshonwa kwa uzi wa bluu.

Jambo hilo alilimeza kwanza. Akasogeza picha ya makumbusho, akasogeza simu yenye picha ya nembo, akasogeza tone la lakiri, na kioo cha Koplo akakiweka mwisho. Alieleza polepole kama anayemweleza mgeni njia. Alipofika kwenye kivuli cha rula, mkurugenzi alikuwa ameacha kutabasamu.

"Huyu simba aliyetazama kulia hakuwahi kuwapo," alimalizia. "Yupo kwenye picha tu. Aliyeagiza sarafu hii itengenezwe alikuwa na picha, na picha ilikuwa kwenye kabati la ofisi yako. Lakini sarafu yenyewe hakuwahi kuiona, maana kama angeiona hata mara moja, angejua. Wewe umeniambia unaifuta kila mwezi. Umerudia mara ngapi, sijahesabu."

"Labda... nimechanganya upande."

"Umetia saini."

Nje, mtu alikuwa anasukuma pikipiki isiyotaka kuwaka. Mkurugenzi aliisikiliza mpaka ikanyamaza.

"Kisanduku kilikuwa na pamba tu," alisema mwishowe.

"Lini?"

"Sijui lini. Siku ya makabidhiano mkurugenzi mzee aliyenitangulia alipitia droo moja moja, akataja kilichomo, nami nikatia saini. Vile visanduku hatukuvifungua. Ningemwambiaje afungue? Alikuwa mwalimu wangu, Inspekta. Yeye ndiye aliyenisomesha, yeye ndiye aliyenipendekeza nipewe nafasi ile. Ningemwambia 'fungua nihakikishe', ni sawa na kumwita mwizi mbele ya watu. Niliona haya. Baadaye akafariki. Mwaka huu wakubwa wakataka kuiazima sarafu kwa maonyesho, nikafungua kisanduku kwa mara ya kwanza, na hakuna kitu. Na saini ni yangu."

"Kwa nini hukusema?"

"Kusema nini? Kwamba nimepokea kisanduku kitupu? Au kwamba marehemu aliuza? Ikipotea mikononi mwangu, mimi ndiye mwizi. Ikiibwa kisha ikapatikana, yamekwisha, inarudi kwenye droo, hakuna anayeuliza tena." Alivuta pumzi. "Nilidhani watamwachia. Mama mtu mzima, hana rekodi yoyote. Nilidhani watamwonya."

Wiki nzima Inspekta alikuwa na hasira isiyo na mwenyewe. Sasa mwenyewe alikuwa amekaa mbele yake, amenyooka, ananukia sabuni. Hakupaza sauti.

"Mzee mmoja ulimwonea haya hata kumwambia afungue kisanduku."

"Ndiyo."

"Na huyu aliyekushonea kifungo?"

Mkurugenzi aliinamisha macho akakitazama kifungo, kana kwamba kimewekwa pale wakati huohuo. Kisha akakifunika kwa kiganja cha mkono wa pili, akabaki amekishika hivyo mpaka Koplo alipoingia kumchukua.

Ya sarafu ya kweli hayakuwa yamejulikana. Alipo yule simba wa kutazama kushoto, aliyejua alikuwa kaburini, na mkuu wa kituo alipopewa habari hiyo kwa simu alitukana. Inspekta alimwachia amalize. Kisha akaenda mwenyewe kuufungua mlango wa mahabusu.

Bibi Funguo alirudishiwa mkanda wake, viatu vyake na kopo lake mezani kwa Koplo, na mumewe akasimama nyuma yake akiwa ameushika mfuko wa dawa kwa mikono yote miwili. Aliuliza ni nani. Inspekta hakuona njia ya kulizungusha, akamwambia.

Mama yule hakulia. Alilifungua kopo, akachakura sindano na nyuzi kwa kidole, akakitoa kile kibunda cha uzi wa bluu, akakiangalia.

"Alikaa kifua wazi kwenye kiti changu," alisema, "nikamwona kama mwanangu. Nilikuwa nimekwisha kushona, kopo liko mezani mbele yake." Akakirudisha kibunda, akafunika kopo, akalibana kwapani. "Nikamwacha nalo. Nikaingia ndani kumpigia shati pasi."